Eropleni Iliyopotewa na Usukani

Dereva wa lori akikanyaga breki katika mteremko na kuona mguu wake umezama hata chini bila ya kitu kutokea, bado ana mambo machache ya kujaribu. Ataingiza gia ndogo, atavuta breki ya mkono, na mambo yakizidi ataligongesha lori lake kwenye ukingo wa udongo ili lisimame. Rubani wa eropleni hana ukingo wa kugongea. Habari tunayoisimulia hapa ni ya marubani waliopotewa na usukani, na breki, na karibu kila kitu cha kuongozea, wakiwa futi 37,000 juu ya nchi, na nyuma yao wamekaa abiria 285. Ilitokea Marekani katika mwaka wa 1989, na tangu hapo marubani wa nchi nyingi wamefundishwa kwa mfano wake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, tarehe 19 Julai. Eropleni ilikuwa ya kampuni ya United Airlines, aina ya DC-10, iliyotengenezwa na kampuni ya McDonnell Douglas. Iliondoka Denver, mji ulio karibu na milima ya Rocky, ikielekea Chicago, na kutoka huko ilikuwa iendelee hata Philadelphia. Namba ya safari ilikuwa 232. Pamoja na watumishi wake walikuwamo ndani watu 296, na kati yao watoto 52, kwa sababu siku hiyo kampuni ilikuwa imewapunguzia watoto nauli. Mkuu wa eropleni alikuwa Kapteni Alfred Haynes, mtu wa miaka 57, aliyepata kuwa rubani wa jeshi la Marini katika ujana wake. Msaidizi wake alikuwa William Records, na fundi mwangalizi wa mitambo alikuwa Dudley Dvorak. Wote watatu walikuwa watu wazima wenye uzoefu mwingi.

Ili msomaji aelewe yaliyotokea, hana budi kwanza kujua jinsi eropleni ya namna hii ilivyojengwa. DC-10 ilikuwa na injini tatu. Mbili zilining'inia chini ya mabawa, moja kila upande, na ya tatu iliwekwa juu katika mkia, penye shina la lile pezi kubwa lisimamalo wima. Mbele ya kila injini palikuwa na pangaboi kubwa la kuvuta hewa, na mapanga yake yote yalishikwa na gurudumu moja nene lililotengenezwa kwa madini yaitwayo titaniamu, ambayo ni mepesi kuliko chuma cha pua na hata hivyo ni yenye nguvu sana. Gurudumu hilo lilikuwa na upana wa inchi 32 hivi na uzito wa ratili 370. Eropleni iendapo, gurudumu huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kila panga hulivuta kwenda nje kwa nguvu ya kutisha.

Saa tisa na dakika 16 mchana, yaani saa moja na dakika saba tangu kuruka, eropleni ilikuwa juu ya jimbo la Iowa, nchi tambarare ambayo mtu akiitazama kutoka juu haoni ila mashamba ya mahindi na soya. Abiria walikuwa wamepewa chakula cha mchana. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Ghafla ukasikika mshindo mkubwa kutoka nyuma, na eropleni nzima ikatetemeka. Marubani walitazama saa zao wakaona kwamba injini ya mkiani imekufa. Jambo hilo peke yake si la kuogofya sana, kwa maana DC-10 iliweza kwenda kwa injini mbili. Wakafungua kitabu cha maagizo na kuanza kuifunga injini kama ilivyoandikwa. Agizo la kwanza lilikuwa kurudisha nyuma mkono wa nguvu wa injini ile. Mkono ukakataa kurudi. La pili lilikuwa kuifunga njia ya mafuta yake, nayo ikakataa. Mwisho waliifunga kwa ule mlango uliowekwa kwa ajili ya hatari ya moto.

Wakati huo Records akamwambia mkubwa wake kwamba hawezi kuiongoza eropleni. Haynes alipogeuka alimwona ameuzungusha usukani wote upande wa kushoto na kuuvuta nyuma kabisa hata kifuani, jambo ambalo hakuna rubani alifanyaye angani na abiria ndani. Pamoja na hayo eropleni ilikuwa ikilalia upande wa kulia na kushuka. Haynes akashika usukani wake mwenyewe, akaona ni vile vile. Bawa la kulia lilizidi kuzama, na kama lingeachwa dakika moja zaidi, eropleni ingepinduka chali. Kwa kutojua lipi jingine la kufanya, Haynes alipunguza nguvu ya injini ya kushoto na kuiongeza ile ya kulia. Bawa likaanza kuinuka polepole.

Basi Dvorak alikuwa amekwisha kuona sababu. Vile vibapa vilivyo nyuma ya mabawa na mkiani, ambavyo kwa hivyo eropleni hugeuzwa na kupandishwa na kushushwa, ni vizito mno kusukumwa kwa mikono ya mtu. Husukumwa na mafuta yaliyobanwa ndani ya mabomba, kwa kanuni ile ile ya mafuta ya breki katika motokaa. DC-10 ilikuwa na jamii tatu za mabomba hayo, kila moja na tangi lake na pampu zake, wala mafuta ya moja hayakuchanganyika na ya nyingine. Moja tu ilitosha kuiongoza eropleni. Watengenezaji walikuwa wamehesabu kwamba ajali ya kupotea zote tatu kwa pamoja isingeweza kutokea hata mara moja katika safari milioni elfu, na kwa hiyo hapakuwa na ukurasa wowote katika kitabu cha marubani uliosema la kufanya likitokea. Sasa mishale ya saa zote tatu ilionyesha sifuri.

Hesabu ile haikuwa na kosa kwa upande wa mabomba. Kosa lilikuwa kwamba jamii zote tatu zililazimika kukutana mahali pamoja, yaani mkiani, chini ya injini ya pili. Gurudumu la pangaboi lilipopasuka, vipande vyake vilitoboa ukuta wa injini kama risasi, vikakata mabomba ya jamii mbili katika bawa dogo la mkia, na jamii ya tatu ikaharibika pamoja na injini yenyewe. Mafuta yote yakamwagika angani. Mwenye nyumba aliyeweka makufuli matatu mlangoni, na funguo zote tatu akazitundika kwenye msumari mmoja, atalielewa jambo hili bila ya maelezo zaidi.

Kilichobaki mikononi mwa marubani kilikuwa ile mikono miwili ya nguvu za injini, ya kushoto na ya kulia. Wakiongeza nguvu ya kushoto, eropleni iligeuka kulia. Wakiongeza ya kulia, ilijitahidi kugeuka kushoto, lakini kwa shida, kwa kuwa kule nyuma ilikuwa imeharibika kwa namna ya kuivuta kulia daima. Tena palikuwa na taabu nyingine. Eropleni isiyoshikwa na vibapa vya mkia hupanda na kushuka kama mashua katika mawimbi makubwa: pua ikipanda, mwendo hupungua; mwendo ukipungua, pua huanguka; ikianguka, mwendo huzidi na pua hupanda tena. Kila wimbi la namna hiyo lilichukua kiasi cha dakika moja. Kulituliza kulitaka kufanya kinyume cha mazoea ya miaka yote, yaani kuongeza nguvu wakati pua inaposhuka na kuipunguza inapopanda, tena kufanya hivyo kabla wimbi halijaonekana.

Dvorak aliwaita kwa simu ya upepo mafundi wakuu wa kampuni yao huko San Francisco. Hao ndio waliokuwa na vitabu vyote vya DC-10 na wataalamu wa kuviona. Akawaambia kwamba jamii zote tatu za mafuta zimekwisha. Wakamwuliza kama ni kweli zote tatu. Akawajibu. Baada ya kitambo wakamwuliza tena. Mambo yaliendelea hivyo, wala hakikupatikana chochote cha kuwasaidia, na hakika mtu hawezi kuwalaumu sana, kwa maana hapakuwa na kitabu cha kufungua.

Msaada ulitoka mahali pasipotazamiwa. Miongoni mwa abiria alikuwamo Dennis Fitch, mwalimu wa marubani wa DC-10 katika kampuni ile ile, aliyekuwa akirudi nyumbani. Alimwambia mtumishi wa kike ampelekee Kapteni habari kwamba yuko, akihitajiwa. Haynes akamwita mara moja. Fitch alipoingia chumbani mwa marubani aliwakuta wamekaza mikono yao kwenye usukani hata mishipa imesimama, ijapokuwa usukani ule haukuwa ukigusa kitu. Haynes alimtuma kwanza nyuma akatazame madirishani kama vibapa vya mabawa vinacheza. Akarudi na jibu kwamba havichezi. Ndipo alipopiga magoti kati ya viti viwili, akashika mikono ya injini, mmoja kwa kila mkono wake, na hiyo ikawa kazi yake mpaka mwisho. Mtu huyu alipata kusoma habari za eropleni ya Japani iliyoanguka tarehe 12 Agosti 1985, ambayo nayo ilipotewa na mafuta yote, na watu 520 wakafa. Baada ya hapo alijaribu mwenyewe, katika mtambo wa kujifunzia ulioko ardhini, kuiongoza DC-10 kwa injini tu. Ni nadra katika dunia kwa mtu mmoja wa namna hiyo kukaa katika viti vya abiria siku anayohitajiwa.

Hapa yafaa kusema neno juu ya Haynes. Katika siku za zamani za safari za anga, neno la kapteni lilikuwa amri isiyojibiwa. Msaidizi aliyeona kosa aliogopa kulisema, na eropleni kadhaa zilianguka wakati mtu mmoja chumbani alijua hatari na akanyamaza. United Airlines ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kuifundisha desturi nyingine, tangu mwanzo wa miaka ya 1980: kwamba kapteni ataamua, lakini awasikilize wote kwanza. Haynes alisema baadaye mara nyingi kwamba watu wanne waliokuwamo walikuwa na uzoefu wa kuruka wa miaka zaidi ya mia ukijumlishwa, lakini hakuna dakika hata moja ya uzoefu huo iliyokuwa ya kuruka namna ile. Basi kwa nini yeye peke yake ajidai kujua? Katika sauti zilizohifadhiwa kwenye kinasa cha eropleni yanasikika mashauri yao, kila mmoja akitoa alilonalo, na hata mzaha kidogo.

Wenye kuongoza ndege ardhini waliwaelekeza Sioux City, mji ulio ukingoni mwa jimbo la Iowa penye mto Missouri. Eropleni ilikwenda huko kwa kupiga duara baada ya duara, karibu yote ya mkono wa kulia, ikishuka kidogo kidogo. Kijana aliyekuwa akisema nao kutoka kiwanja cha Sioux City alikuwa na sauti ya utulivu ambayo marubani walimshukuru kwayo baadaye. Alipowaambia kwamba wana ruhusa ya kutua katika njia yoyote ya kiwanja, Haynes alicheka, akamwuliza kama amekuwa mchaguzi kiasi cha kutaka iwe ni njia hasa.

Huko nyuma abiria walikuwa wameambiwa ukweli. Mkuu wa watumishi wa ndani, Bibi Jan Brown, aliwafundisha namna ya kuinama na kushika vifundo vya miguu. Lakini palikuwa na watoto wanne wachanga wasio na viti vyao. Sheria iliruhusu mtoto aliye chini ya miaka miwili kubebwa mapajani, wala hakuna mikono ya mzazi iwezayo kumshika mtoto eropleni inapopiga ardhi. Agizo lililokuwa katika kitabu lilikuwa kumlaza mtoto chini sakafuni, kati ya miguu ya mzazi, amezungushiwa mablanketi na mito. Bibi Brown akalitoa agizo hilo kama lilivyoandikwa. Alisema baadaye kwamba maneno hayo yalipokuwa yakimtoka kinywani aliona jinsi yalivyo ya kipuzi.

Njia iliyotayarishwa kiwanjani ilikuwa ile ya namba 31, ndefu, yenye futi kama 9,000. Lakini eropleni ilipotokeza ilikuwa imeelekea njia ya namba 22, fupi zaidi, ambayo ilikuwa imefungwa, na juu yake yalisimama magari ya zimamoto yakingoja upande mwingine. Haikuwezekana kuigeuza tena. Magari yakaondoshwa mbio. Magurudumu ya eropleni yalikuwa yameshushwa kwa uzito wake yenyewe, lakini vibapa vya kupunguzia mwendo havikuweza kufunguliwa. Kwa hiyo ilikuja kwa mwendo wa maili 250 hivi kwa saa, badala ya 160, na ilikuwa ikishuka zaidi ya futi 1,600 kwa dakika, hali kutua kwa salama hutaka futi 300 hivi.

Na kwa kweli walikaribia kufaulu. Eropleni ilikuwa imenyoka juu ya njia. Ilipobaki kiasi cha futi 100 tu kugusa ardhi, wimbi lile la kupanda na kushuka likarudi kwa mara ya mwisho: pua ikashuka, na bawa la kulia likaanguka. Ncha ya bawa ikapiga kwanza. Mkia ukakatika, bawa likang'oka, mafuta yakashika moto, na mwili wa eropleni ukabingirika na kuvunjika vipande. Kipande kikubwa cha katikati kiliteleza chali mpaka katika shamba la mahindi lililo kando ya njia. Ilikuwa saa kumi jioni. Tangu gurudumu kupasuka zilikuwa zimepita dakika 44.

Waliotazama kutoka mbali walidhani hakuna aliyepona. Kisha wakaona watu wakitokea mahindini, wakitembea kwa miguu yao. Abiria waliokuwa katika kile kipande cha katikati walijikuta wananing'inia kichwa chini katika mikanda yao, na waliojifungua upesi walitoka nje, wakajikuta kati ya mabua yaliyowapita kimo. Mtu aliyepata kumtafuta ndama katika shamba la mahindi yaliyokua vizuri ataelewa shida iliyowapata waokoaji, kwa kuwa mahindi yale yalifikia futi saba, na hapakuwa na njia ya kuona ni nani yuko wapi. Tena gari la kuongezea maji liliharibika pampu wakati moto ulipozidi. Wengine walikufa kwa mapigo ya kuanguka. Wengine walikuwa hawana jeraha la kufisha, lakini moshi uliwaua kabla hawajatoka.

Chumba cha marubani kilikuwa kimekatika na kukunjika hata kikawa na kimo cha kiuno cha mtu tu. Waokoaji walikipita mara kadhaa wakidhani ni takataka za chuma. Baada ya dakika 35 walisikia sauti. Wote wanne walikuwa hai.

Katika watu 296, wakafa 112, na mmoja wao alifariki hospitali baada ya siku 31. Waliopona walikuwa 184. Watu 13 hawakupata jeraha lolote. Hesabu hii ya waliopona haikuletwa na bahati peke yake. Miaka miwili kabla yake, katika 1987, watu wa Sioux City na wilaya zilizo jirani walifanya mazoezi ya kuokoa abiria wa eropleni kubwa iliyoanguka, na katika mazoezi hayo walisema iwe imeanguka katika njia ile ile iliyofungwa. Hakuna eropleni ya namna hiyo iliyokuwa na desturi ya kutua kwao, na hapana shaka wako walioona kwamba ni kupoteza wakati. Siku ya ajali askari 285 wa akiba wa jimbo walikuwa kazini pale pale kiwanjani, na katika hospitali za mji saa za kubadilishana zamu zilikuwa zimefika, hata waganga na wauguzi wa zamu zote mbili walikuwapo.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya kutafuta sababu. Injini ya mkiani ilipatikana, lakini gurudumu la pangaboi halikuwamo. Lilikuwa limeanguka mahali fulani katika mamia ya mashamba, maili 60 hivi kutoka Sioux City, na mahindi yamesimama. Watafutaji walitumia eropleni ndogo na hesabu za upepo, wasione kitu. Kampuni ya General Electric, iliyotengeneza injini, ikaahidi zawadi ya fedha kwa atakayelipata. Mpaka ukafika mwezi wa Oktoba, majira ya mavuno. Tarehe 10 Oktoba mwanamke mmoja mkulima, karibu na kijiji cha Alta, alikuwa akivuna kwa mashine yake alipohisi kwamba imegonga kitu kizito. Lilikuwa gurudumu lenyewe, au sehemu yake kubwa, limezama udongoni na baadhi ya mapanga yakiwa bado yameshikamana nalo. Kipande cha pili kilipatikana baadaye katika shamba jingine. Vilipounganishwa katika maabara, hadithi yote ilisomeka kama kitabu.

Madini ya gurudumu yaliyeyushwa mwaka wa 1971. Wakati wa kuyeyushwa, naitrojeni iliingia mahali padogo ikafanya chembe ngumu, yenye kuvunjika kama kigae, ndani ya madini yaliyo laini zaidi. Chembe hiyo ilikuwa karibu na tundu la katikati la gurudumu. Kiwanda kilipolichonga kwa mara ya mwisho, chembe ikatoka na kuacha kishimo ambacho jicho halikioni. Kutoka kishimo hicho ukaanza ufa. Kila eropleni iliporuka, gurudumu lilivutwa, na ufa ukaongezeka kwa kiasi kisichopimika, ilipotua, ukapumzika. Iliendelea hivyo kwa miaka 17, safari 15,503. Gurudumu lilikuwa limeruhusiwa kufanya safari 18,000.

Mara kwa mara mafundi waliitoa injini na kulikagua gurudumu. Namna ya kukagua ilikuwa kulipaka kimiminiko kipenyacho katika nyufa, kulisafisha, kisha kulitazama gizani kwa taa maalumu. Penye ufa kimiminiko hung'aa. Ukaguzi wa mwisho ulifanyika mwaka wa 1988, safari 760 kabla ya ajali. Kwa kuhesabu mistari ya ufa, kama vile mtu ahesabuvyo pete za mti, wachunguzi walipata kwamba siku hiyo ulikuwa na urefu wa nusu inchi juu ya uso wa gurudumu. Mkaguzi hakuuona. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, katika taarifa yake ya tarehe 1 Novemba 1990, haikuridhika kusema tu kwamba fundi fulani alikosea. Ilisema kwamba utaratibu wa ukaguzi haukujali vya kutosha udhaifu wa mwanadamu: mtu anayetazama vyuma mia visivyo na kasoro hutazamia kwamba cha mia na moja nacho hakina.

Makarani wataipenda zaidi sehemu nyingine ya taarifa hiyo. Wachunguzi walipofungua vitabu vya kiwandani ili wajue gurudumu lilitokana na madini gani, walikuta magurudumu mawili yaliyoandikwa kwa namba moja, 00385. Moja lilikuwa limekataliwa katika kipimo cha mawimbi ya sauti, na jingine likapelekwa katika eropleni. Basi kazi iliyokuwa imalizwe kwa kufungua ukurasa mmoja ilichukua vipimo vingi vya maabara.

Baada ya ajali DC-10 ziliwekewa kizuizi katika jamii moja ya mabomba, ili mkia ukiharibika mafuta ya jamii hiyo yasimwagike yote. Titaniamu ya magurudumu kama hayo sasa huyeyushwa mara tatu au kwa njia nyingine iliyo safi zaidi, wala si mara mbili. Marubani wengine waliwekwa katika mtambo wa kujifunzia na kupewa shida ile ile ya Haynes, na ikaonekana kwamba kutua salama kwa namna ile ni jambo lisiloweza kufundishwa. Katika mwaka wa 1995 wataalamu wa NASA waliitua eropleni aina ya MD-11 kwa injini peke yake, mikono ya nguvu ikiongozwa na kompyuta iliyofanya kazi ya Fitch. Haynes mwenyewe alirudi kuruka baada ya miezi michache, akastaafu mwaka wa 1991, na miaka iliyofuata aliipitisha akizunguka kuwaeleza watu habari ya siku ile bila ya kukubali kuitwa shujaa. Alifariki Agosti 2019.

Katika wale watoto wanne waliolazwa sakafuni, watatu walipona. Mmoja wao, msichana wa miezi 11, alirushwa mbali na wazazi wake. Abiria mmoja aliyekuwa amekwisha kutoka nje alisikia kilio, akarudi ndani ya moshi, akampapasa mpaka akampata. Wa nne, mvulana ambaye hajatimiza miaka miwili, alikufa kwa moshi. Bibi Brown alikutana na mama yake nje, akitaka kurudi ndani, akamzuia kwa kuwa moto ulikuwa umezidi. Mama huyo akamkumbusha kwamba alimweka mtoto wake sakafuni kama alivyoamriwa.

Tangu siku ile Bibi Brown alikwenda Washington mara nyingi, akitaka sheria iandikwe ili kila mtoto, hata mchanga, awe na kiti chake na mkanda wake. Bodi ya Usalama iliunga mkono. Idara ya Serikali isimamiayo safari za anga ilijibu kwa hesabu: wazazi wakilazimishwa kununua kiti cha nne au cha tano, wengi wataacha eropleni na kusafiri kwa motokaa, na barabarani watakufa watoto wengi zaidi kuliko watakaookolewa angani. Hesabu hiyo haikosi maana, na aliyeitoa hakuwa mtu asiye na huruma. Bibi Brown hakuikubali. Alisema kwamba eropleni inapokaribia kutua, vikombe na mizigo yote huamriwa kufungwa mahali pake, na ni mtoto tu anayeachwa mikononi.